Hayupo, lakini yumo: Marehemu Skip Broke na uhakiki wetu wa wahusika

JUMAPILI iliyopita nilikuwa Jamhuri, mtaa ule ulio kati ya Barabara ya Ngong na Kibera, nimeenda kumjulia hali dada yangu. Mwanawe, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa ameinamia kompyuta kuukuu ya babake. Babake tulimzika mwaka jana. Kompyuta yenyewe imezeeka kiasi kwamba haikubali michezo ya siku hizi. Inao mmoja tu, The Sims 2, ambao shemeji aliununua enzi zile CD zikiuzwa kwenye vibanda vya katikati ya jiji. Iwapo ilikuwa nakala halali au ya kurudufiwa, swali hilo nimeamua kutomsumbua nalo mwenyewe huko aliko.

"Anko," msichana akaniita bila kuinua macho, "huyu baba yao ako wapi?"

Nikachungulia. Alikuwa amefungua mti wa ukoo wa familia moja ya mchezoni. "Alikufa," nikasema.

"Najua alikufa. Nauliza ako wapi."

Siku nyingine ningemsahihisha papo hapo: sema "yuko", usiseme "ako". Mwalimu wa Kiswahili hana likizo. Lakini jinsi alivyolirudia swali lile ilinifanya ninyamaze, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilichambua kichwani kama mtu aliyekwamwa na uzi wa nyama kwenye jino. Makala haya ni jaribio la kumjibu, japo kwa kuchelewa.

Kwanza niwaeleze wasomaji ambao michezo ya kompyuta imewapita kando. The Sims 2 ulitoka Septemba 2004. Ni mchezo wa kuigiza maisha: hamna adui wa kupigwa risasi wala bao la kufungwa. Mchezaji anapewa nyumba na watu waliomo. Anawaamsha, anawapikisha, anawapeleka kazini, anawaozesha, na wakizeeka anawazika. Mbunifu wa mchezo wa kwanza katika mfululizo huu, uliotoka 2000, ni Mmarekani Will Wright. Wazo lilimjia baada ya nyumba yake kuteketea katika moto mkubwa wa Oakland, California, mwaka wa 1991, ikambidi ajenge maisha upya kuanzia kijiko na sufuria. Msiba, basi, umo katika chimbuko la mchezo wenyewe.

Katika mtaa wa kubuni uitwao Pleasantview kuna familia ya Broke. Mama ni Brandi. Kifungua mimba ni Dustin, tineja ambaye tayari ametia mguu katika kazi za uhalifu. Wa pili ni Beau, mtoto mchanga anayejifunza kutembea. Brandi mwenyewe ni mjamzito. Mumewe, Skip, alikufa maji katika bwawa la kuogelea kabla mchezo haujaanza. Hatumwoni akitembea, hatumsikii akitamka neno. Tunachopewa ni jina na uso mdogo katika mti wa ukoo. Nilimwomba mpwa wangu azungushe kamera uani, mbele na nyuma, nikitafuta kaburi. Sikuliona. Tukahamia kwenye jumba la ukoo wa Goth, matajiri wa mtaa huohuo, na huko makaburi ya wazee wao yamo uani, mawe yamesimama wima kama walinzi wa lango.

Tofauti hiyo ina neno lake katika Kiswahili, na hapa naomba ruhusa nichepuke kidogo. Tuna "marehemu", lililotokana na Kiarabu, kwa maana ya aliyerehemiwa. Tuna "hayati", nalo la Kiarabu, ambalo kwa asili linahusu uhai, lakini sisi tumelipa kazi ya kuwataja wafu wenye hadhi: Hayati Mzee Jomo Kenyatta, Hayati Julius Nyerere. Tuna "mwendazake", neno lililokuwa shwari miaka nenda miaka rudi mpaka Machi 2021, alipofariki Rais John Magufuli, wakazuka Watanzania waliolitumia kwa kejeli na wengine wakalichukia kwa sababu hiyohiyo. Vijana wetu nao wana "kudedi", ambalo sitalipeleka msibani. Yaani lugha inagawa vyeo hata kwa wafu. Wazee wa Goth wangekuwa mahayati. Skip angekuwa marehemu tu, tena wa kutajwa haraka.

Na jina lake linamsuta. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne atakwambia kuhusu majazi, mbinu ya kumpa mhusika jina linalochukuana na tabia au hali yake. Katika Kiingereza, "broke" ni mtu aliyeishiwa, asiye na ndururu. Hapa Nairobi tungesema amesota. "Skip" ni kuruka, kama mtoto anavyoruka ukurasa mgumu. Kwa tafsiri ya kukurupuka, bwana huyu anaitwa Ruka wa Msoto. Aliyembatiza alitaka tucheke, na mimi nilicheka. Kisha nikagundua kuwa jina limefanya kazi yake kuliko lilivyokusudiwa, kwa maana kila mtu amemruka. Katika mtaa huohuo yumo mwanamke aliyepotea, Bella Goth, na wachezaji wa dunia nzima wamemsaka miaka ishirini sasa. Skip hasakwi. Maskini akifa maji, habari yake inaisha hapo.

Kufa maji katika mchezo huu si ajali ya kawaida. Watu wa The Sims 2 hawawezi kutoka bwawani bila ngazi. Wachezaji waligundua mapema kwamba ukisubiri mtu aingie majini halafu uiondoe ngazi, ataogelea huku na huko hadi nguvu zimwishe. Mzaha huo unajulikana kila mahali mchezo ulikofika. Sasa, watu wa mchezoni hawang'oi ngazi za mabwawa. Anayeweza kuing'oa ni yule aliyeshika kipanya. Kwa hiyo waandishi wa mchezo walipoamua kuwa Skip afe kwa namna hiyo, waliingiza katika historia ya familia hii kidole cha mtu kama wewe na mimi, aliyetangulia kucheza kabla yetu. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Hapa mfa maji amekwisha kutulia. Anayetapatapa ni mjane wake, na ukifungua mchezo unaachiwa wewe uendeleze.

Nirudi kwenye swali la "ako wapi".

Kiswahili sanifu kina viambishi vitatu vya mahali. "Yupo" hudokeza mahali dhahiri, panapojulikana. "Yuko" ni mahali pasipo bayana, huko. "Yumo" ni ndani. Nairobi tumevikunja vyote vitatu vikawa "ako": ako kwa mlango, ako Mombasa, ako ndani ya matatu. Sina ugomvi na Sheng, ina kazi zake. Lakini mtoto aliyeuliza "ako wapi" kuhusu mfu alikuwa na maswali matatu ndani ya neno moja, na sarufi ambayo huwa tunaichosha madarasani kwa mazoezi ya kujaza pengo ndiyo inayoweza kuyatenganisha.

Yupo? Hapana. Hakuna kiti chake mezani, hakuna kaburi uani. Yuko? Labda, mchezo haunyoshi kidole upande wowote, na mimi si shehe wala mchungaji. Yumo? Hapa ndipo mchezo ulipofanya jambo la maana. Katika The Sims 2 watoto hurithi nyuso za wazazi: pua, rangi ya macho, umbo la taya. Skip yumo katika uso wa Dustin. Yumo katika uso wa Beau. Yumo katika salio dogo la fedha ambalo mjane anaanza nalo. Na yumo tumboni. Mimba ile ndiyo kitu kilichonishika. Wafu wa ukoo wa Goth wamekamilika, hadithi zao zimefungwa na mawe juu yake. Skip bado ana jambo moja ambalo halijatukia. Mchezaji anafungua nyumba, saa inaanza kwenda, na kitendo cha mtu aliyekufa kinaendelea kukua siku baada ya siku mpaka kitoke na kulia.

Mtu anaweza kunipinga, na pingamizi lenyewe lina uzito. Atasema: wewe mhakiki unaota mchana. Waandishi walihitaji sababu ya familia moja kuwa maskini, wakamuua baba, wakaandika mstari mmoja, wakaenda kula chakula cha mchana. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini mhakiki hahukumu jasho la mwandishi, huhukumu kile kilicho mbele yake. Mstari mmoja ukiwekwa mahali pake unaweza kubeba kuliko sura nzima, na huu umewekwa mahali pake.

Uhakiki tunaoufundisha haumwoni mtu kama Skip. Tunao mhusika mkuu, wahusika wasaidizi na wahusika wajenzi. Tunao mhusika bapa na mhusika duara, mgawanyo ambao chimbuko lake ni E. M. Forster na mihadhara yake iliyochapishwa mwaka wa 1927. Istilahi hizi zimetufaa na K. W. Wamitila, kwa vitabu vyake vya 2002 na 2003, alizikita vyema katika Kiswahili. Ila darasani zimegeuka vijaluba vya kutilia majina. Mtahini anauliza "eleza sifa na umuhimu wa" fulani, mwanafunzi anataja sifa sita, basi. Mhusika aliyekufa kabla ya ukurasa wa kwanza hana sifa sita. Hana maneno ya kudondolewa. Anaanguka kati ya vijaluba, halafu tunamwita "mhusika mdogo" ili tuendelee.

Hebu tumchukue Jabali katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, ambayo maelfu ya watoto wetu waliitahiniwa. Huyu alikuwa mpinzani wa Majoka, akaondolewa. Hayupo jukwaani. Lakini Sagamoyo nzima imepangwa kumzunguka: hofu ya Majoka ina umbo lake, na ujasiri wa Tunu unasimama mahali ambapo yeye aliangushwa. Mwalimu akimweka Jabali chini ya "wahusika wengine", amewanyima wanafunzi ufunguo wa mchezo. Au mchukue Zainabu Makame katika Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya ya 1996. Mama huyu, mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafariki mapema, na safari yote ya Kongowea kuja Kenya kumtafuta baba ni safari ambayo kifo cha mama kiliisukuma. Tunamwita Kongowea mhusika mkuu, na ni sawa. Ila swali linalozaa matunda ni lile la mtoto wa Jamhuri: mama ako wapi humu? Ukilifuata swali hilo sura kwa sura utaisoma riwaya nyingine kabisa.

Hapa lazima nimtaje John Mbiti. Mzaliwa huyu wa Kitui, aliyefariki Uswisi mwaka wa 2019, aliandika kwa Kiingereza kitabu chake maarufu cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, lakini alipofika kwenye dhana ya wakati aliazima maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayaacha hivyohivyo. Alieleza kwamba aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Huyo ni mfu aliye hai. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama katika Zamani. Wanafalsafa wengine wa Kiafrika, Kwame Gyekye wa Ghana akiwemo, wamempinga vikali juu ya dai lake kwamba wakati ujao wa mbali haukuwa na nafasi katika fikra za jadi, na nadhani walikuwa na haki. Lakini kuhusu wafu na majina, sijaona aliyeeleza vizuri zaidi kwa nini mtu anaweza kuwa hayupo na bado akawa yumo.

Kwa kipimo cha Mbiti, Skip Broke ni kiumbe wa ajabu. Wanaomkumbuka ni watu wa kubuni watatu, tena bila maneno, maana lugha ya mchezo huo, Simlish, ni maneno ya kubuni yasiyo na maana ya kudumu. Wanaolia wanalia kwa sauti tupu. Kumbukumbu yake inamtegemea mchezaji. Usipofungua mti wa ukoo, mtu huyu amekwenda Zamani mchana kweupe, mkewe na wanawe wakiwa hai.

Ni hapa ndipo mchezo unaponikera. Mtu akifa mbele ya macho yako katika The Sims 2, mambo si haba: anakuja yule mwenye joho jeusi na mundu mrefu, waliopo wanalia, hata unaweza kumbembeleza amrudishe mpendwa wako. Waliokufa maji hurudi usiku wakiwa mizuka ya rangi ya samawati, wakiacha vidimbwi sakafuni. Kumbe waandishi walijua kufanya kifo kiwe tukio. Wasichojua ni msiba. Hakuna anayekuja nyumbani kwa Brandi akaketi tu. Hakuna matanga, hakuna kamati ya mazishi, hakuna kikundi cha WhatsApp cha michango ambacho binamu mmoja anasahaulika kuongezwa na anakasirika miaka mitatu. Hakuna "pole". Lugha yote ile ya kubuni na haina neno moja la kumpa mjane wa jirani! Shemeji alipofariki, nyumba ya dada yangu haikuwa na nafasi ya kuweka mguu kwa wiki mbili, na wengine kwa kweli walikuja kula. Lakini walikuja.

Na hakuna ugomvi juu ya mahali pa kuzikwa, jambo ambalo Mnairobi hawezi kulielewa. Sisi ndio tuliofuatilia kesi ya wakili Silvano Melea Otieno. Alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka amzike Matasia, upande wa Ngong; ukoo wa Umira Kager ukashikilia kwamba ni Nyalgunga, Siaya, kwa babake. Mwili ukakaa mochari karibu miezi mitano, kesi ikipanda hadi Mahakama ya Rufaa. Nchi nzima ilisoma magazeti kumsikiliza mtu asiyeweza kusema. Hata mchimba kaburi alipanda kizimbani kueleza marehemu alimwambia nini alipokuwa hai. Mei 1987 Otieno akazikwa Nyalgunga. Wanasheria wanaikumbuka kesi hiyo kwa mgongano wa sheria ya mila na ile ya kigeni. Mimi naikumbuka kama somo la sarufi: watu wazima walipigania "yupo" kwa sababu kila upande ulikuwa na "yumo" yake.

Skip hakupiganiwa. Nadhani hicho ndicho mpwa wangu alichokuwa akikiona bila kuwa na istilahi. Yeye ametoka kwenye nyumba ambako baba alipiganiwa kidogo, nisiseme zaidi ya hapo, na mwishowe akazikwa ushago, safari ya basi usiku kucha kutoka Jamhuri. Kaburi lipo, lakini liko mbali, na mtoto hawezi kwenda peke yake.

Alicheza kwa saa nzima nikiwa nimeketi kando yake na chai yangu. Alimtafutia Brandi kazi. Alinunua mti, akaupanda uani mahali ambapo, kwa hesabu yake, bwawa lilikuwa. Sikumwuliza sababu. Kisha mimba ikatimia, Brandi akajifungua mtoto wa kiume, na mchezo ukasimama kama unavyosimama kila mtoto anapozaliwa, kisanduku kikatokea katikati ya skrini kikidai jina.

Wengi wetu tunajua uzito wa kisanduku kile. Kwa Wakikuyu mtoto huitwa kwa zamu ya babu na nyanya; kwa Waluo jina la marehemu linaweza kuja kwa ndoto; na Waswahili wana neno "somo" kwa watu wawili wanaochangia jina, neno lilelile la darasani. Msichana alianza kuandika. Herufi mbili za kwanza zilipoingia, mamake, ambaye nilidhani yuko jikoni, alikuwa nyuma yetu na mwiko mkononi.

"Hilo jina si la kuchezewa," akasema.

"Sichezi, mum."

Dada yangu hakujibu. Alirudi kwenye sufuria zake. Msichana alizifuta zile herufi mbili, akatazama kisanduku, akanitazama mimi, nami mtaalamu wa wahusika sikuwa na la kumwambia. Akasema tutakula kwanza. Tulikula, tukatazama habari, nikaaga mvua ikinyemelea. Nilipopita karibu na kompyuta nikielekea mlangoni, skrini ilikuwa bado inawaka, mtoto yuko mikononi mwa mamake, na kisanduku kitupu.